Kisutu Chekundu Ndani ya Picha Nyeusi na Nyeupe: Ubakize Rangi, Uitoe Yote au Uiache Yote?

Shangazi yangu alikaa barazani kwake, jua la saa kumi alasiri likimjia ubavuni, amejitanda kisutu. Nilimpiga picha kumi na mbili. Baada ya siku tatu nikampelekea moja, nimeigeuza nyeusi na nyeupe na nimeridhika nayo kabisa. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, uso nimeuona, ahsante. Kisutu changu kimekwenda wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kisutu ni kanga ya rangi tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwetu pwani ndiyo kanga ya bi harusi. Hicho chake alipewa siku ya ndoa yake, na alikitoa sandukuni kwa ajili ya picha ile. Mimi nilikuwa nimekifanya gunia la mkaa. Nyekundu na nyeusi zimeingiana, pindo halijulikani linaishia wapi na mji unaanzia wapi, vidoa vyeupe tu vimebaki vinaelea gizani.

Jibu la haraka kila mwenye simu analijua: bakiza nyekundu peke yake, vingine vyote viwe kijivu. Nilijaribu hivyo. Nikajaribu na njia nyingine kwa picha hiyohiyo, maana nilitaka kujua ipi inamfaa yeye, na ipi ningempa mteja akija kesho na ombi kama lake. Niliziweka ubavu kwa ubavu, kwanza kwenye kioo cha kompyuta, halafu zikiwa zimesafishwa kwenye karatasi, na haya ndiyo niliyoyaona.

Nyekundu inapotelea wapi

Kabla ya kulinganisha njia zenyewe, inafaa kujua kwa nini kisutu kilizimika, maana bila kujua hilo mtu anaweza kurudisha rangi kuficha kosa la kijivu.

Programu ikigeuza picha ya rangi kuwa kijivu, haizipi rangi zote uzito sawa. Fomula moja inayotumika sana inaipa kijani karibu 59% ya mwangaza, nyekundu 30%, na bluu 11% tu. Kwa hiyo nyekundu safi, ile inayoita macho kutoka ng'ambo ya barabara, ikiwa kijivu inashuka karibu na makaa. Ikikaa kando ya nyeusi, kama kwenye kisutu, hazitofautiani tena. Filamu za kamera za zamani sana zilikuwa kali zaidi: hazikuiona nyekundu kabisa, ndiyo maana midomo na vitambaa vyekundu kwenye picha za enzi hizo ni vyeusi tii. Filamu zinazoona rangi zote zilipoenea, miaka ya 1920 na 1930, wapiga picha walianza kuweka kioo cha rangi mbele ya lenzi ili kuchagua nini king'ae na nini kizame. Kioo chekundu kilipausha midomo, cha kijani kiliikoleza.

Leo vioo hivyo vimo ndani ya programu. Lightroom, kwa mfano, ina vitelezi vinane kwenye sehemu ya nyeusi na nyeupe, kimoja kwa kila kundi la rangi. Nilikipandisha cha nyekundu na kisutu kikafunguka mara moja: pindo likaonekana, nakshi zikatoka. Lakini na midomo ya shangazi ikapotea, mashavu yakapauka, akafanana na mtu aliyetoka kuugua. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi, maji ya kunde au nyeupe, imelala kati ya nyekundu na chungwa, kwa hiyo ukigusa nyekundu umemgusa mtu mzima. Ilibidi nichore maski, yaani kuzungushia eneo ili marekebisho yaguse hapo tu, juu ya kitambaa peke yake, niing'arishe nyekundu humo, na uso niuache ulivyokuwa.

Kazi hiyo ilinichukua dakika kumi, na baada yake nusu ya malalamiko ya shangazi yalikuwa yamejibiwa bila tone la rangi. Ningependa kila mwenye haraka ya kubakiza rangi aanzie hapo. Mara nyingi anachokitafuta ni kijivu kilichopangwa vizuri.

Nyeusi na nyeupe tupu

Nguvu yake ni uso. Ukitoa rangi, jicho halina pa kukimbilia, linasoma mikunjo ya pembeni mwa macho, mng'ao wa mwanga kwenye paji la uso na mfupa wa shavu. Ngozi nyeusi inapendeza mno hapa ikiwa mwanga umetoka upande mmoja, kwa sababu inarudisha mwanga kama mti uliopigwa msasa, na ule mng'ao ndio unaochora umbo la uso. Usiogope kuuacha. Wapo wanaoufuta kwa programu za kulainisha ngozi, na wakishaufuta wamefuta uso wenyewe.

Ushahidi tunao nyumbani. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, na N. V. Parekh alikuwa na studio yake Mombasa. Picha zao za familia, marafiki na wapenzi zilisimama kwa mwanga, pazia la nyuma na jinsi mtu alivyokaa. Nguo zao zinasomeka kwa sababu mwanga umeingia kwenye mikunjo ya kitambaa. Kama picha yako haisimami hivyo, rangi moja haitaisimamisha.

Pia ndiyo mwokozi wa mwanga uliochanganyika. Sebule nyingi zina taa ya tyubu juu na dirisha pembeni, na shavu moja linatoka la kijani na jingine la bluu. Kulirekebisha hilo kwenye rangi ni kazi ya jioni nzima. Ukiigeuza nyeusi na nyeupe, tatizo limeondoka.

Inapopungukiwa ni pale ambapo rangi ndiyo habari yenyewe. Chukua mikono ya bi harusi. Piko ni nyeusi, inatoka vizuri kabisa. Hina, ambayo ni nyekundu ya udongo juu ya ngozi ya familia hiyohiyo ya rangi, inayeyuka. Dawa ya kwanza ni ya kijivu tena: tumia mgeuzo unaofuata mwanga wa kijani au bluu, kama vile umeweka kioo cha kijani kwenye lenzi. Hina inanyonya mwanga huo kuliko ngozi inavyounyonya, kwa hiyo inatoka yenye giza na mistari yake inasomeka. Kwa mikono pekee inafaa sana. Kwa uso uwe mwangalifu, maana mwanga wa bluu unafichua kila doa na kila kovu la chunusi.

Rangi moja iliyobaki

Hii ndiyo njia inayopendwa na inayoharibiwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Jicho linakimbilia penye rangi iliyokolea kabla hujaliambia liende wapi. Katika Schindler's List, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1993 iliyopigwa karibu yote kwa nyeusi na nyeupe, yumo mtoto wa kike mwenye koti jekundu anayepita katikati ya umati. Rangi ile ina kazi: bila yake usingemwona, na baadaye usingemtambua. Lakini picha ya uso haina umati. Ina mtu mmoja, na jicho lilikuwa tayari linaelekea usoni. Ukilipa rangi ua, au mkoba, au skafu, umemwambia mtazamaji aondoke kwenye uso aende kwenye kitu. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya njia hii kwenye picha za watu, na haiponi kwa ufundi wa kuchora maski.

Kwa hiyo kipimo changu ni swali moja: rangi hii inamwambia mtazamaji kitu gani ambacho kijivu hakiwezi kumwambia?

Ndugu wawili wamesimama bega kwa bega, mmoja na jezi ya Simba, mwingine ya Yanga. Kwenye kijivu, nyekundu na kijani cha jezi zinaweza kutoka karibu sawa, na utani wote wa picha ukafa. Hapo rangi ina habari, ibaki, na zibaki zote mbili, maana ukibakiza moja umechukua upande.

Kisutu nacho kinafaulu swali hilo, tena kwa namna ya pekee. Rangi zake mbili kati ya tatu ni nyeusi na nyeupe. Ukibakiza nyekundu ndani ya picha nyeusi na nyeupe, kitambaa kizima kimebaki vilevile kilivyo, hakuna ulichokitoa. Kanga ya njano na bluu haina bahati hiyo. Nilipoliona hili kwenye kioo nilisimama kitini, kweli, kwa sababu ilikuwa kama kitambaa chenyewe kimetengenezwa kwa ajili ya picha ya aina hii.

Yasiyofaulu ni mengi, na nitayataja kwa haraka. Macho: mafunzo mengi ya mtandaoni yanaonyesha mtu mwenye macho ya bluu, na yanavutia kweli. Macho yetu wengi ni ya kahawia iliyoiva. Ukiyabakizia rangi unapata vidoa viwili vya chungwa vinavyofanana na kosa. Midomo: bi harusi mwenye midomo myekundu peke yake anageuka kuwa mdomo, na macho yake, ambayo mpambaji aliyafanyia kazi saa nzima, yanafifia. Ua jekundu mkononi limetumika kwenye albamu nyingi mno za harusi hata halisemi tena lolote kuhusu watu hawa wawili. Na shuka nyekundu ya Mmasai ndiyo inayoniuma zaidi. Mtu ana jina na uso, mpiga picha mgeni anamfanya kijivu, anaipa shuka uhai. Ukitaka shuka yake iwe nyekundu, muache na yeye awe na rangi yake.

Basi, tuseme swali limejibiwa na umeamua kubakiza. Ufundi wake uko hivi.

Anza na faili ya rangi. Kama kamera yako ina mpango wa nyeusi na nyeupe na unahifadhi JPEG peke yake, rangi imekwenda na hairudi. Piga RAW, yaani faili ghafi inayotunza kila kilichoonwa na kamera, au piga rangi kisha ugeuze baadaye.

Kwenye simu, programu ya Snapseed inatosha. Weka zana ya nyeusi na nyeupe, rudi kwenye orodha ya hatua ulizofanya, fungua hatua hiyo, kisha uichore kwa brashi pale unapotaka kijivu. Kuza picha hadi uone nyuzi za ushungi, maana kingo ndizo zinazokusaliti. Kwenye Lightroom usianze na kitufe cha nyeusi na nyeupe, kwa sababu ukishakibonyeza brashi haina rangi ya kurudisha. Tengeneza maski ya kitambaa, igeuze ishike kila kitu kingine, ushushe ukolevu wa rangi humo hadi mwisho. Na usitegemee kuchagua kwa rangi peke yake, nyekundu yote ibaki, nyingine zote zitoke. Utabakiza midomo, pembe za macho, masikio yaliyopenywa na jua, na ndoo ya plastiki iliyosahaulika nyuma ya mlango.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaligusi, na ndilo linalofanya picha hizi zionekane zimebandikwa. Kitambaa chekundu kwenye jua kinarusha wekundu wake kwa jirani. Chini ya kidevu cha shangazi, kwenye shingo na ndani ya mkono, palikuwa na wekundu mwepesi uliotoka kwenye kisutu. Nilipofanya ngozi yote kijivu, kitambaa kilikatika kama kimekatwa kwa mkasi. Nilirudi nikaacha rangi kidogo sana, labda moja ya tano ya ile ya asili, sehemu hizo tatu tu. Mtazamaji haioni, lakini kitambaa kikarudi mwilini mwake.

Jambo la pili linatoka mbali. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa, alisimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kinachofuma mazulia ya ukutani. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi fulani nyeusi hazina nguvu. Akachunguza, akakuta uzi hauna kosa. Rangi iliyolala kando yake ndiyo inayoubadilisha machoni. Kitabu chake kuhusu sheria hiyo kilitoka mwaka 1839. Kwetu maana yake ni hii: kijivu kisicho na rangi yoyote, kikikaa kando ya nyekundu, jicho linakiona kina ukijani kidogo. Uso wa kijivu juu ya kanga nyekundu unaonekana mgonjwa, na utahangaika na mwangaza usijue tatizo ni nini. Ongeza joto kidogo kwenye kijivu, uelekeze kwenye kahawia kwa kiasi ambacho ukikitazama peke yake hukigundui. Uso unapona.

La mwisho ni ukolevu. Nyekundu iliyozungukwa na kijivu inaonekana imekolea kuliko ilivyokuwa kwenye picha ya rangi, kwa hiyo ishushe. Mimi nilishusha karibu theluthi, kisha nikaiachia giza lake kwenye mikunjo. Kitambaa kisichokuwa na vivuli vyake ni karatasi.

Yote haya yalinila zaidi ya saa moja na nusu. Anayekwambia ni jambo la dakika mbili amekuonyesha ua.

Kupaka rangi kama zamani

Uvumbuzi wa Mfaransa Louis Daguerre wa kutengeneza picha ulipotangazwa Paris mwaka 1839, watu walistaajabu, kisha wakauliza mbona hauna rangi. Haukupita muda wachoraji wakaanza kugusa mashavu na vito kwa poda ya rangi, na kazi hiyo ikaendelea zaidi ya miaka mia, kwa maji ya rangi na baadaye rangi za mafuta zilizosuguliwa kwa pamba kwenye karatasi isiyong'aa. Hata miongoni mwa postikadi za Unguja za mwanzoni mwa karne ya 20 zipo zilizopakwa rangi juu ya picha nyeusi na nyeupe.

Watu huichanganya njia hii na ile ya kubakiza rangi moja, lakini kwa mtu anayepigwa picha matokeo yako mbali sana. Ukibakiza, rangi inakaa kwenye kitu na mtu anabaki jiwe. Ukipaka, kila mahali panapata kidogo: midomo, mashavu, hina, kitambaa, labda na mbao za mlango. Rangi ni nyembamba, vivuli vya picha vinaonekana chini yake, hakuna inayopiga kelele. Uso unapata joto lake.

Kwenye kompyuta unafungua tabaka jipya juu ya picha ya kijivu, unaliweka kwenye hali ya kubadilisha rangi bila kugusa mwangaza, kisha unapaka kwa brashi laini na uwazi mwingi. Tahadhari yangu ni moja tu, lakini nzito. Usichukue rangi za ngozi zilizo tayari kwenye mafunzo ya mtandaoni. Nyingi ni za waridi, na juu ya ngozi nyeusi zinatoka kama jivu lililomwagiwa maziwa. Fungua picha yako ya asili, chota rangi kwenye shavu penyewe, kwenye kivuli na kwenye mwanga, upake kwa hizo. Shangazi ana angalau rangi nne usoni mwake, na ya kwenye paji si ya chini ya macho.

Ilinichukua karibu saa tatu. Nilipomwonyesha alicheka kwa furaha, akasema, "Hii mbona kama ile ya bibi yako!" Anaikumbuka picha ya mama yake, iliyokuwa imepakwa, na iliyopotea walipohama. Kama familia yako ina kumbukumbu ya namna hiyo, au unatengeneza zawadi ya kumpa mzee, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Kwa mteja wa harusi mwenye picha mia mbili haiwezekani, na ukimwahidi utajuta.

Rangi yote, na rangi iliyopozwa

Picha ya rangi kamili ya shangazi ilikuwa nzuri tu. Kisutu chekundu, mlango wa bluu nyuma yake, ukuta wa chokaa wenye kuvu ya kijani, kandambili za njano za mjukuu. Kila kitu kilikuwa kinaita. Kwa harusi, ambapo mpambaji, fundi wa nguo na familia wote wanataka kuona rangi walizozilipia, ndiyo inayotakiwa. Kwa uso wa mtu mmoja, ile ndoo na zile kandambili zinamuibia.

Kati ya hapo na kijivu kipo kituo ambacho wengi hukiruka. Shusha ukolevu wa picha nzima hadi karibu nusu, halafu mlango na kijani cha ukutani uvishushe zaidi, na kisutu na ngozi uvipunguzie kidogo tu. Hakuna maski ya saa nzima na hakuna kingo za kukusaliti, mtu anabaki na rangi ya mwili wake, na nyekundu bado inaongoza. Mteja akiniomba rangi moja ibaki na ninaona haitamfaa, humwonyesha hii kwanza bila kumbishia. Mara nyingi huishia hapo.

Kahawia ya zamani naitaja kwa ufupi. Zamani ilikuwa na sababu ya kikemia: fedha iliyomo kwenye karatasi iligeuzwa kuwa salfaidi ya fedha, nayo inadumu kuliko fedha tupu. Kwenye simu ni rangi ya kahawia iliyomwagwa juu ya picha. Kisutu kiliendelea kuwa gunia la mkaa, safari hii la kahawia.

Kwenye karatasi

Kabla ya kuamua, safisha ndogo ya majaribio. Kioo cha simu kinadanganya kwenye jambo hili kuliko kwenye lolote jingine. Mashine nyingi za kusafishia zinachapa kijivu kwenye karatasi ya rangi, na kijivu hicho hutoka na ukijani au uzambarau kidogo. Picha nyeusi na nyeupe tupu inavumilia, kwa sababu jicho halina cha kulinganishia. Iliyobakizwa nyekundu haivumilii. Ule ukijani wa Chevreul unaongezeka juu ya ukijani wa mashine, na uso unaharibika. Yangu ya kwanza ilitoka hivyo kwenye duka moja, nikalazimika kuipeleka kwingine kwenye printa ya wino, karatasi isiyong'aa, na huko ikatoka vizuri. Gharama ilikuwa mara mbili. Muulize anayekusafishia kama ana karatasi ya nyeusi na nyeupe au wino wa kijivu, na umwambie azime marekebisho ya rangi ya mashine. Ukiacha yamewashwa, mashine inaweza kuona nyekundu nyingi mahali pamoja ikadhani ni kosa, ikaipunguza kwa kuisukuma picha nzima upande wa pili.

Nini kwa nani

Uso umejaa fremu, mwanga ni mzuri: nyeusi na nyeupe tupu, usihangaike. Mwanga umechanganyika: hiyohiyo. Picha pana, mtu na nguo yake au jezi yake au bendera yake, na rangi ndiyo inayoeleza yeye ni nani siku hiyo: bakiza rangi, ukiwa na saa moja na nusu ya kazi na mahali pazuri pa kusafishia. Ukikosa kimojawapo, poza rangi. Harusi kwa jumla ni rangi kamili, pamoja na chache za kijivu ulizozichagua mwenyewe. Mzee, kumbukumbu, zawadi moja ya maana: paka. Mteja kijana anayetaka macho yake yabaki na rangi, mwonyeshe kwenye kioo cha kompyuta yanavyotoka, ataamua mwenyewe.

Utaona kwamba jibu linabadilika kwa ukubwa wa fremu kuliko kwa ladha ya mtu. Picha ileile ya shangazi nilipoikata ikabaki uso na sehemu ndogo ya ushungi, nyekundu iliyokuwa na kazi kubwa kwenye ile pana ikawa pembe tatu inayomchoma shavuni. Nikaitoa. Kwenye ile pana, ambapo mikono yake imeshika pindo na kitambaa kinashuka hadi magotini, bila nyekundu picha ilikuwa na mwanya katikati.

Nilimpelekea zote, tukazitandaza kwenye mkeka. Ya kahawia aliisogeza pembeni bila kusema kitu. Ya rangi kamili alisema atampelekea binti yake, aone mlango ulivyopakwa upya. Iliyopakwa aliirudia mara tatu, mwishowe akaitenga kwa ajili ya mdogo wake, ambaye naye anaikumbuka ile iliyopotea. Ile pana yenye kisutu chekundu aliniambia niitie fremu, na sasa iko sebuleni, mkabala na mlango.

Ya uso peke yake, nyeusi na nyeupe, hakutaka itundikwe. Alikikunjua kisutu chenyewe, akaiweka katikati, akakikunja juu yake, akakirudisha sandukuni.